Kazi Huanza Mkaguzi Akiisha Kuondoka

Katika nchi yetu hakuna makao ya watoto yaliyowekwa nje ya macho ya Serikali. Sheria yampa ofisa ustawi wa jamii ruhusa ya kuingia, kuuliza, kutazama vitabu, kukagua jiko na vyumba vya kulala. Siku anapotazamiwa kufika, kila mtu huwa mwangalifu. Sakafu hupigwa deki, vyandarua vilivyotoboka hubadilishwa, watoto huvishwa nguo safi. Mkaguzi huandika aliyoyaona, huaga, hupanda gari na kwenda zake. Nao wenye makao hushusha pumzi.

Hapo ndipo tunapokosea. Twadhani shughuli imekwisha, kumbe ndiyo kwanza imeanza. Taarifa ya mkaguzi ni kama kipimo cha mganga: chaonyesha kwamba mgonjwa ana homa, lakini hakimpunguzii homa hata kidogo. Kama hakuna atakayetoa dawa, na kurudi kesho na kesho kutwa kumtazama mgonjwa, kipimo kitakuwa cha bure.

Somo letu la juma hili lina shabaha moja. Twataka kuonyesha kwamba huduma za watoto hazitengenei kwa kupaka rangi kuta wala kwa kujaza fomu. Hutengenea pale ambapo kila mtoto anayelelewa na watu wengine ana mtu mzima anayejulikana kwa jina, mwenye wajibu wa kumtembelea, kumsikiliza na kujibu juu yake. Tutaitazama sheria kwanza, kisha mfano wa nchi nyingine, kisha hali ya kwetu Dodoma na uwanda wote wa kati, na mwisho yale yatupasayo kutenda.

SHERIA YETU YASEMAJE

Yafaa tuanze na sheria, maana wengi wetu husikia habari zake kwa kuhadithiwa tu. Bunge lilipitisha Sheria ya Mtoto, Namba 21, mwaka 2009. Kabla ya hapo mambo ya watoto yalikuwa yametawanyika katika sheria mbalimbali. Makao ya watoto yalikuwa na sheria yake ya mwaka 1968, vituo vya kulelea watoto mchana vilikuwa na yake ya mwaka 1981, na nyingine zilibaki tangu enzi za Waingereza. Sheria ya 2009 ilizikusanya zote mahali pamoja. Mwaka 2012 zikafuata kanuni, mojawapo zikiwa zile za makao ya watoto na za malezi ya kambo.

Katika sheria hiyo yako mambo manne ambayo kila mtu mzima yampasa ayajue.

La kwanza, mtoto ni kila mtu aliye chini ya umri wa miaka 18, na katika kila shauri linalomhusu, maslahi yake ndiyo yatangulie. Hayatanguliwi na sifa ya makao, wala fadhaa ya ofisi, wala aibu ya ukoo.

La pili, kifungu cha 94 chaiagiza serikali ya mahali, yaani halmashauri, ilinde na kustawisha hali ya watoto walio katika eneo lake. Chaiagiza pia iwe na daftari la watoto walio katika mazingira magumu zaidi, na iwasaidie kadiri iwezekanavyo ili wakue kwa heshima pamoja na watoto wenzao.

La tatu, kifungu cha 95 chamwagiza kila mwananchi anayejua kwamba haki ya mtoto inavunjwa, apeleke habari hiyo kwa serikali ya mahali. Hili ni agizo kwa kila mtu. Halikuachiwa watu wenye moyo mwema peke yao.

La nne, makao yote sharti yawe na leseni, na watumishi wake pamoja na ofisa ustawi wa jamii wana wajibu wa kumsaidia mtoto arudi kwa wazazi, walezi au ndugu zake. Akiisha kurudi, ofisa asimwache, bali aendelee kufika kwao na kutazama hali yake.

Ndugu msomaji, tafadhali lisome tena jambo hilo la nne. Sheria haikuyaweka makao yawe mwisho wa safari ya mtoto. Iliyaweka yawe mahali pa kupumzikia njiani. Kwa hiyo mkaguzi anayehesabu vitanda na sufuria, asiulize kila mtoto alitoka wapi na atarudi lini, amefanya nusu tu ya kazi. Vivyo hivyo makao yenye vitanda vizuri, lakini yasiyojua kijiji alichotoka mtoto, yamefaulu nusu tu.

MFANO WA UINGEREZA

Pengine mtu atauliza: je, yawezekana ofisa afike, aone, aandike, na bado mtoto aangamie? Yawezekana. Ilitokea katika nchi yenye fedha na ofisi nyingi kuliko sisi.

Mwezi wa Januari mwaka 1945, mvulana wa miaka 12 alifariki katika shamba moja huko Shropshire, Uingereza. Alikuwa ameondolewa kwa wazazi wake kwa amri ya mahakama, na halmashauri ya mji wa Newport, katika nchi ya Wales, ikamweka kwa mkulima na mkewe wamlee. Kumbe walimtesa kwa njaa na kipigo. Mkulima yule alihukumiwa kifungo kwa kusababisha kifo chake.

Serikali ikamteua Sir Walter Monckton achunguze. Uchunguzi ulionyesha kwamba hapakukosekana sheria wala ofisi. Halmashauri mbili zilihusika, ile iliyomtoa mtoto na ile ya eneo alikowekwa, na wajibu ukapotea katikati, kila upande ukiutegemea mwingine. Majuma machache kabla ya kifo, mtumishi mmoja alikuwa amemtembelea mtoto na kuona kwamba hali yake si njema. Taarifa yake haikuzaa hatua ya upesi. Karatasi ilikuwapo, lakini hapakuwapo mtu aliyeona kwamba mtoto yule ni wake wa kumjibia.

Msiba huo uliwashtua Waingereza. Kamati iliyoongozwa na Bibi Myra Curtis ikatazama hali ya watoto wote waliokosa malezi ya nyumbani, ikatoa taarifa yake mwaka 1946. Mwaka 1948 Bunge lao likapitisha sheria iliyotaka kila halmashauri iwe na kamati ya watoto, tena na ofisa wa watoto. Maana yake ni kwamba halmashauri ikiulizwa, “Mtoto fulani yu wapi, na ni nani amjuaye?” awepo mtu wa kusimama na kujibu.

Tazameni basi. Hawakutosheka kusema ukaguzi uongezwe. Walitaka awepo mtu wa kuulizwa. Fundisho hilo halihitaji utajiri wa Ulaya. Lafaa hata penye ofisi ya chumba kimoja.

UCHUNGUZI WA TAIFA LETU WENYEWE

Sisi nasi tulikwisha kujikagua. Mwaka 2009 Serikali, ikisaidiwa na shirika la UNICEF na wataalamu wengine, ilifanya uchunguzi wa nchi nzima juu ya ukatili kwa watoto. Matokeo yalitangazwa mwaka 2011, nayo yalikuwa ya kuhuzunisha. Karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walisema walipatwa na ukatili wa kijinsia kabla ya kutimiza miaka 18. Karibu robo tatu ya vijana wote walisema walipigwa au kuumizwa mwilini utotoni. Wengi hawakupata kumwambia mtu yeyote.

Ni jambo la maana kuona kwamba uchunguzi huo uliwauliza vijana majumbani mwao, si katika makao ya yatima. Kwa hiyo yeyote asemaye kwamba hatari kwa watoto imo ndani ya makao tu, na kwamba nyumbani wamesalimika, hajasoma taarifa. Na yeyote asemaye kinyume, kwamba makao ndiyo salama ya kila mtoto, naye hajasoma. Ukatili hukaa mahali popote penye mtoto asiye na mtu wa kumsikiliza.

Serikali haikuikunja taarifa ile na kuiweka kabatini. Madawati ya Jinsia na Watoto yalienezwa katika vituo vya polisi. Namba ya simu 116 iliwekwa ili mtoto au mtu mzima apate kutoa habari bila malipo. Ukafuata mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, ulioanza mwaka wa fedha wa 2017/18, ambao twauita kwa kifupi MTAKUWWA. Mpango huo ulitaka ziwepo Kamati za Ulinzi wa Wanawake na Watoto katika taifa, mkoa, halmashauri, kata, hata kijiji na mtaa.

Basi kamati zimeagizwa. Lililobaki ni swali ambalo kila msomaji anaweza kulijibu mwenyewe pale alipo: je, waijua kamati ya kijiji chako? Ilikutana lini mara ya mwisho? Na ilipokutana, ilizungumza juu ya mtoto gani?

KWA NINI MTOTO HUTOKA KWAO

Sasa tugeukie kwetu. Mkoa wa Dodoma ni mpana, una eneo la kilometa za mraba zipatazo 41,000. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, tangu Desemba hata Aprili, nayo ni haba. Miaka mingi haizidi milimita 600. Mtama na uwele huvumilia, lakini hata hivyo una kikomo uvumilivu wao. Wazee wa Ugogo hawajasahau njaa iliyoitwa Mtunya, ya miaka ya 1917 hadi 1920, wakati vita vya wakubwa vilipokomba nafaka na ng'ombe, mvua nazo zikakataa. Tangu zamani hizo lugha yetu ya huku bara ina neno kuhemea, yaani kutoka kwenda kutafuta chakula mbali. Anayekwenda kuhemea huacha watoto nyuma, au huwachukua, au huwatanguliza.

Mtoto anayetoka Bahi, Chamwino, Kongwa au Mpwapwa kwenda mjini mara nyingi hakufukuzwa na wazazi. Alitangulizwa na ukame. Msichana huenda kufanya kazi za nyumbani kwa mtu ambaye mama yake hajapata kumwona. Mvulana huenda kuchunga, au kuuza karanga na maji penye mabasi. Mji nao umekua upesi mno. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa nguvu mwaka 2016, nyumba, ofisi na barabara zimeota kama uyoga. Hesabu ya watu ya mwaka 2012 iliikuta Dodoma mjini na watu wapatao 411,000; ile ya mwaka 2022 ilikuta zaidi ya 765,000. Penye watu wengi hupatikana kazi, na penye kazi watoto wasio na ulinzi hufuata.

Ongeza hapo maradhi yaliyoua wazazi, ugomvi wa ndoa, ulevi, na mimba za wasichana wadogo. Ndivyo mtoto afikavyo barabarani, na kutoka barabarani hufika kwenye makao.

Wahenga walisema ng'ombe haelemewi na nunduye. Ni kweli. Mzazi mwenye akili timamu hachoki na mwanawe. Walakini sisi watu wa nchi ya mifugo twajua pia kwamba ng'ombe aliyekondeana mwishoni mwa kiangazi hujikokota, na mwili wake mwenyewe humlemea. Mwenye busara humtafutia majani na maji. Hakuna mfugaji amwonaye ng'ombe wake amekonda akaamua kumkata nundu.

Lakini mara nyingi twafanya hivyo kwa watu. Familia ikishindwa kulisha, twamchukua mtoto na kumpeleka makaoni, kisha twamgharimia huko kwa fedha ambazo sehemu yake tu ingetosha kumwacha kwa bibi yake. Ndiyo maana ruzuku ya TASAF kwa kaya maskini, elimu bila ada ambayo mwaka 2016 ilifika hata kidato cha nne, chakula cha mchana shuleni na kisima cha maji kijijini si mambo ya kando katika ustawi wa mtoto. Kaya inayofikiwa na misaada hii ina nguvu zaidi ya kumbakiza mtoto kwao.

FUNDISHO LA WENYE NG'OMBE

Liko fundisho la kale katika nchi hii ambalo halikutoka Ulaya. Mgogo mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote katika zizi moja. Aliwagawa kwa jamaa na marafiki wa mahali mbalimbali, ili ukame au maradhi yakishuka upande mmoja yasimmalize. Aliyepewa aliwatunza na kunywa maziwa. Lakini mwenyewe hakuwasahau. Alifunga safari kwenda kuwatazama. Aliwajua kwa rangi, kwa pembe na kwa uzao. Akiambiwa mmoja amekufa, alitaka kujua amekufaje.

Twauliza bila dhihaka: halmashauri zetu, na makao yetu, na koo zetu, zawajua watoto waliowekwa kwa watu kama wazee wale walivyowajua ng'ombe? Mtu akisema, “Mwanangu yuko mjini kwa tajiri fulani,” je, amekwisha kwenda kumtazama? Kama ng'ombe hakuachwa bila kutazamwa, mtoto ataachwaje?

YATUPASAYO KUTENDA BAADA YA UKAGUZI

Sasa tuseme mambo yenyewe, kila mtu kwa sehemu yake.

Wenye makao. Taarifa ya mkaguzi isomwe na watumishi wote, hata mpishi na mlinzi, maana nao hukaa na watoto. Kila kosa lililotajwa liandikiwe mbele yake jina la mtu atakayelirekebisha na siku ya mwisho. Kila mtoto awe na jalada lake: ametoka kijiji gani, nani ni ndugu zake walio hai, nani amemtembelea, mpango wa kurudi kwao ni upi. Mtoto apewe nafasi ya kusema na mgeni asiye mtumishi wa makao, bila ya mlezi kusimama mlangoni. Tena wageni wenye zawadi na picha wasiruhusiwe kuwageuza watoto maonyesho.

Hapa hatuna budi kuwaambia ukweli wale waanzishao makao kwa nia njema, wakiwemo watu wa dini. Huruma haishiki nafasi ya leseni. Makao yaliyoanzishwa kwa sala hukaguliwa sawasawa na yaliyoanzishwa kwa mtaji, na mwenye kutenda vema hana sababu ya kuogopa. Mlezi anayekasirika kwa kuulizwa hesabu za watoto amekwisha kusahau kwamba watoto si mali yake.

Halmashauri. Ofisa mmoja wa ustawi wa jamii aweza kuwa na kata kadhaa za kuangalia, na pengine hana hata pikipiki. Kumlaumu yeye peke yake si haki. Madiwani ndio wapitishao bajeti. Nao waulize, kila baraza linapokutana, maswali matatu tu: daftari la kifungu cha 94 lina watoto wangapi leo? Wangapi walitembelewa tangu tulipokutana mara ya mwisho? Mafuta ya safari hizo yalitengwa kiasi gani, na yalitoka? Diwani anayejua idadi ya madarasa katika kata yake, asiyejua idadi ya watoto walio hatarini, ana kazi ya kumaliza.

Kuna jambo moja zito zaidi. Mara nyingine ukaguzi huonyesha kwamba makao hayafai kabisa, na sheria inaruhusu yafungwe. Yafungwe, kama ndivyo ilivyo. Lakini amri ya kufunga ikitolewa asubuhi, na watoto wakapakiwa garini jioni bila kujua waendako, tumewaongezea jeraha. Kabla ya mlango kufungwa, kila jina lisomwe, na kila jina lipate jibu lake: huyu atarudi kwa shangazi yake, na kwao pamekwisha kutazamwa, huyu atakwenda kwa familia ya kambo iliyokubaliwa, huyu atahamia makao mengine pamoja na mdogo wake, wasitenganishwe. Na siku thelathini baadaye mtu aende kuona. Bila hivyo wengine watarudi kituo cha mabasi, na hakuna taarifa itakayowahesabu.

Kijiji na mtaa. Kamati ya ulinzi ijue watoto waliotoka na waliorudi. Mtu anapofika kijijini kutafuta msichana wa kazi, mtendaji aandike jina lake, mahali aendako mtoto, na namba ya simu, na amkumbushe kwamba sheria hairuhusu kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Aliye na umri zaidi ya huo naye apewe kazi nyepesi tu, isiyomharibia afya wala kumkatiza masomo. Mtoto anaporudishwa kwao kutoka makaoni, asipokewe kwa minong'ono. Mwalimu, mzee wa mtaa na jirani wapange zamu ya kumjulia hali. Kazi hii haitaki gari. Yataka miguu na kumbukumbu.

Sisi wananchi. Ukisikia kilio cha mtoto wa jirani kila usiku, usiseme ni mambo ya nyumba ya watu. Mwone mwenyekiti wa mtaa, au ofisa ustawi, au dawati la polisi, au piga 116. Asiyeziba ufa hujenga ukuta.

MAJIBU KWA WENYE SHAKA

Wako wasemao kwamba kumrudisha mtoto katika umaskini ni ukatili. Hoja hii si ya kudharauliwa. Mtoto aliyezoea milo mitatu makaoni, akarudi penye mlo mmoja wa ugali na mlenda, ataumia. Lakini dawa yake ni kuisaidia nyumba ile kabla ya kumrudisha, na kuendelea kuitazama baadaye. Shibe bila ndugu nayo ni ufukara wa namna yake, ambao huonekana siku kijana anapotimiza miaka 18, anatoka makaoni, na hana ukoo wa kumwombea posa wala wa kumzika.

Wako pia wasemao kwamba makao yote yaondolewe. Hawa nao wamezidisha. Wapo watoto ambao kwao hakuna tena, au kwao ndiko walikoumizwa. Kwa hao makao mema ni wokovu. Hapa Dodoma tunacho Kijiji cha Matumaini, kilichoanzishwa mwaka 2002 na Wamisionari wa Damu Azizi pamoja na masista kwa ajili ya watoto yatima walioathirika na UKIMWI, wakati ambapo watoto wa namna hiyo walikuwa wakikimbiwa hata na jamaa zao. Humo watoto walipangwa katika nyumba mfano wa familia, wasirundikwe katika bweni moja kubwa. Yapo pia makao ya Serikali ya Kikombo. Mahali kama hapo pana haki ya kuungwa mkono, na kwa sababu hiyo hiyo pana wajibu wa kukaguliwa mara kwa mara.

Wengine husema hakuna fedha. Kwa sehemu ni kweli. Lakini kati ya mambo tuliyoyataja, kusoma majina, kuandika daftari, kuuliza barazani, kumtembelea jirani, mengi hayagharimu fedha. Yagharimu uangalifu.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA

Twawaomba wasomaji, katika vikundi vyao, baraza za kijiji na mikutano ya wazazi shuleni, wajibu maswali haya kwa kweli:

1. Ni watoto gani wa mtaa wetu wanaoishi kwa watu wasio wazazi wao, na ni nani aliyewaona mwezi huu?

2. Je, daftari la watoto walio katika mazingira magumu lipo kwenye kata yetu? Liko kwa nani?

3. Kama kuna makao au kituo cha watoto karibu nasi, taarifa ya mwisho ya ukaguzi ilisema nini, na ni yapi yaliyotimizwa?

4. Nyumba ipi katika kijiji chetu imebakiwa na mwezi mmoja wa chakula, nayo ina watoto? Tufanye nini kabla hawajaondoka?

Swali la nne ndilo la kwanza kwa haraka, hasa miezi ile ya mwisho wa kiangazi, ghala zinapokuwa tupu na mawingu bado hayajaonekana. Mtoto asiyetoka kwao hahitaji kutafutiwa njia ya kurudi. Mkono mmoja haulei mwana, nasi tuna mikono mingi. Mkaguzi atakuja tena mwakani, naye atauliza. Tusingoje aulize yeye.